Kilebu Hafundishwi Usafi kwa Bakora

Ni jambo la kawaida siku hizi, katika vitongoji vya Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Tanga na Arusha, kukuta lango la chuma lenye kibao cha kuwaonya wapita njia kwamba ndani mna mbwa mkali. Na nyuma ya lango hilo, mara nyingi kuliko mpita njia awezavyo kudhani, aliyemo ni kilebu, yaani mtoto wa mbwa, aliyenunuliwa juzi kando ya barabara, aliyefungwa kamba fupi karibu na banda la kuku, aliaye usiku kucha kwa upweke, na ambaye kila alfajiri huchapwa kwa kosa la kujisaidia mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja aliyepata kumwonyesha kwamba hapafai. Wenye nyumba hudhani kuwa hayo ndiyo malezi. Husukumiza pua yake katika mkojo wake, humpiga kwa ufagio au kandambili, kisha hushangaa, baada ya majuma mengi ya adhabu hiyo, kwamba sakafu ingali inachafuka na mnyama amekuwa mwoga mbele ya kila mkono unaoinuka.

Naandika haya kwa kuwa nimewapenda mbwa na kuwafuga kwa miaka mingi, na kwa kuwa naamini kwamba dhuluma hii aghalabu huzaliwa na kutojua. Neno ninalotaka kulitetea ni moja: uchafu wa kilebu nyumbani ni deni la mwenye nyumba, na deni hilo hulipwa kwa ratiba, kwa uangalizi na kwa subira, halijapata kulipwa kwa bakora, wala halitalipwa.

Najua kwamba kwa wengi wetu wa mwambao mazungumzo juu ya mbwa hayaanzi pasipo suala la tohara. Madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu walio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ilhali madhehebu ya Maliki yana kauli nyepesi zaidi katika jambo hilo. Kazi ya kutoa fatwa ni ya masheikh. Nitasema tu lile lijulikanalo na kila aliyesoma, kwamba dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Kwamba katika Sura ya Al-Kahf mbwa wa vijana waliolala pangoni ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini. Na kwamba hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, yasimulia habari za mtu aliyeghufiriwa dhambi zake kwa sababu ya kumnywesha maji mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu. Basi mwenye kumfuga mbwa uani, pasipo kumruhusu kuvuka kizingiti cha nyumba, ana haki kamili ya desturi yake, wala hakuna katika makala haya neno la kumtaka aiache. Walakini yeye ndiye anayehitaji zaidi mbwa aliyefunzwa adabu ya usafi, kwa kuwa ua wa nyumba yetu si jangwa: humo huanikwa nguo na nafaka, humo hupikwa, humo watoto huchezea mchanga, na mgeni aendaye barazani hupita humo. Mbwa wa uani asiyejua mahali pake pa haja huichafua nyumba nzima bila ya kuingia ndani.

Yafaa kwanza tujue kilebu ni kiumbe wa namna gani, maana mwalimu asiyemjua mwanafunzi wake hufundisha hewa. Kilebu huzaliwa macho yamefumba na masikio yameziba. Macho hufunguka akiwa na umri wa wiki mbili hivi, na masikio hufuata muda mfupi baadaye. Katika wiki za mwanzo hawezi hata kwenda haja kwa uwezo wake mwenyewe, ila mama humramba tumboni ili kuichochea haja hiyo, kisha hulisafisha tandiko kwa ulimi wake. Afikapo wiki ya tatu, miguu ikianza kupata nguvu, kilebu mwenyewe huondoka pale alalapo, akayumbayumba hatua chache, akajisaidia kando. Hakuna aliyemfundisha. Ndiyo kusema kwamba mbwa ameumbwa na silika ya kutochafua malalo yake, na mafunzo yote ya usafi ni kazi ya kuipanua silika hiyo kidogo kidogo, hata kile anachokiona kuwa malalo kisiwe tena tandiko peke yake, bali nyumba nzima, baraza na mapito ya watu.

Silika hiyo yaweza kuharibiwa. Karibu na wiki ya nane au ya tisa kilebu huanza kuizoea aina ya ardhi ajisaidiayo juu yake, naye huitafuta ardhi ya namna hiyo kwa nyayo na kwa pua popote aendapo. Aliyelelewa mahali penye majani au mchanga ataelekea majani na mchanga. Aliyelelewa ndani ya kizimba cha saruji, akila, akilala na kujisaidia mahali pamoja, amelazimishwa kuikana silika yake, na sakafu ya sebule, kwa kuwa nayo ni saruji, ataiona kuwa choo halali. Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye busara huomba kuona mahali kilebu alipozaliwa, humtazama mama yake, na hukataa kumchukua kabla hajatimiza wiki nane. Wale wauzaji wasimamao kwenye njia panda, wakiwainua vilebu wa wiki nne au tano mbele ya madirisha ya magari, wanauza viumbe walionyang'anywa ziwa na funzo kwa pamoja. Maana katika wiki hizo za mwisho mama na ndugu humfundisha mdogo kiasi cha kuuma na kiasi cha kucheza, na hapana mwanadamu awezaye kulifundisha somo hilo vizuri kama wao.

Tuje sasa kwenye usiku wa kwanza, ambao ni mtihani wa nyumba nzima. Kilebu ambaye hadi jana alilala amebanwa baina ya mama na ndugu zake leo yumo peke yake mahali pasipo harufu hata moja aijuayo. Kilio chake ni wito wa kumwita mama, na katika maumbile yake wito huo ndio uliomwokoa alipopotea tandikoni. Kumpigia kelele, au kumfungia stoo mwisho wa ua ili sauti yake isisikike, ni kumthibitishia kwamba hofu yake ilikuwa ya haki. Lililo jema ni kumleta nyumbani asubuhi, ili apajue ugenini pake kabla ya giza kuingia. Kuomba kwa mwenye mama kipande cha nguo kilicholaliwa na watoto wote, nacho kikatandikwa pale atakapolala. Kumwekea sanduku la mbao au tenga imara, lenye nafasi ya kumtosha kusimama, kugeuka na kujilaza, lisiwe kubwa hata akapata pembe moja ya kulala na nyingine ya kuchafua. Na kuliweka sanduku hilo, kwa juma la kwanza, mahali ambapo pumzi za watu husikika, iwe ni kando ya kitanda, iwe ni barazani chini ya dirisha, au karibu na kibanda cha mlinzi. Katika nchi za baridi kama Lushoto, Mbeya na Nairobi, chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa humpa faraja kubwa. Kisha, siku zikienda, sanduku husogezwa polepole hata lifike pale panapokusudiwa kuwa makazi yake ya daima. Watoto wa jirani nao waambiwe wasimbebe wote kwa zamu siku hiyo ya kwanza. Mgeni aliyechoka huhitaji utulivu kabla ya takrima.

Chakula nacho ni nusu ya elimu ya usafi, ingawa watu wachache hulitambua jambo hilo. Tumbo lilishwalo kwa saa maalumu hutoa kwa saa maalumu; tumbo litupiwalo makombo kutwa nzima hutoa wakati wowote. Kilebu wa miezi miwili hadi minne hulishwa mara tatu au nne kwa siku, kwa saa zile zile, na sahani huondolewa akisha kula. Maji safi huachiwa mchana kutwa. Ugali laini uliochanganywa na dagaa waliosafishwa chumvi, au nyama na mchuzi usio na viungo, humfaa, na mabadiliko yote ya chakula yafanywe kidogo kidogo. Ziko nyumba ambamo kilebu hupewa maziwa ya ng'ombe kwa nia njema, pasipo kujua kwamba matumbo ya wengi wao, wakisha kuachishwa ziwa, hayawezi kuyasaga maziwa hayo sawasawa. Kilebu huharisha, sakafu huchafuka, na mnyama huchapwa kwa ajili ya kosa lililotoka kwenye bakuli.

Baada ya hayo, mafunzo yenyewe ni mepesi kuyaeleza, ijapokuwa ni mazito kuyadumisha. Kilebu huhitaji kwenda haja katika nyakati nne zinazojulikana: aamkapo, amalizapo kula, amalizapo kucheza, na kabla ya kulala. Fauka ya hizo, mnyama wa miezi miwili hawezi kujizuia mchana zaidi ya saa mbili hivi, na uwezo wake huongezeka kwa kadiri ya saa moja kwa kila mwezi wa umri. Basi alfajiri, mara afunguapo macho, abebwe au aongozwe hadi mahali pamoja palipochaguliwa uani, mahali pale pale kila siku, kwa kuwa harufu ya jana humkumbusha kazi ya leo. Asimamiwe kimya, pasipo mchezo, kwa muda wa dakika chache. Neno moja lichaguliwe, lolote lile, litamkwe kwa upole anapoanza, na lisibadilishwe. Akimaliza, pale pale na si baada ya kurudi ndani, apewe sifa kwa sauti ya furaha na kipande kidogo cha chakula akipendacho. Ikiwa hakufanya neno, arudishwe sandukuni au akae miguuni pa mtu kwa robo saa, kisha atolewe tena. Asiachwe azurure nyumbani na tumbo limejaa. Usiku, atolewe mwisho saa nne, na tena mara moja karibu na saa nane, bila ya taa nyingi wala mazungumzo, hata wiki chache zipite na mwili wake uweze kuvuka usiku kucha.

Kati ya safari hizo jicho la mtu liwe juu yake. Kilebu anayenusa sakafu akizunguka zunguka, anayeacha mchezo ghafla, au anayeelekea pembe ya chumba, amekwisha kutoa taarifa. Asiyeisoma ni sisi. Ambaye hana nafasi ya kumwangalia na amweke ndani ya sanduku lake kwa muda mfupi, au amfunge kwa kamba ndefu kiasi karibu naye pale anapofanyia kazi, maana uhuru wa nyumba nzima ni zawadi itolewayo baada ya mafunzo, chumba baada ya chumba. Wakaao katika maghorofa, mbali na ardhi, huweza kuanzia na trei ya mchanga au magazeti kwenye varanda, wakiisogeza mlangoni kidogo kidogo, ingawa hao wajitayarishe kwa safari ndefu zaidi. Na msimu wa masika, ambapo kilebu huchukia kukanyaga maji, kipaa kidogo cha makuti au bati juu ya mahali pake pa haja kitaokoa mikeka mingi.

Ajali zitatokea, hakuna nyumba iliyoziepuka kabisa. Akikutwa katika tendo lenyewe, apigiwe kofi la viganja mara moja ili ashtuke, achukuliwe nje upesi, na akimalizia huko asifiwe kama kawaida. Akikutwa baada ya tendo, hapana la kufanya ila kusafisha. Na usafishaji una elimu yake: pua ya mbwa hushinda yetu kwa namna tusiyoweza kuiwaza, na mahali tunapopaona pamekwisha kutakata, yeye husoma hapo tangazo kwamba ndipo choo kilipo. Dawa zenye amonia hulitia nguvu tangazo hilo, kwa sababu harufu yake yakaribiana na ya mkojo. Maji ya sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji, hufaa kwa sakafu ya vigae na saruji. Mkeka wa ukili, ambao hunywa kila kitu, hauna budi kuoshwa vivyo hivyo na kuanikwa juani kutwa nzima, na zulia liondolewe kabisa hadi mwanafunzi ahitimu.

Nimefika sasa kwenye bakora, ambayo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Watetezi wake husema kwamba mnyama hasikii maneno, husikia maumivu. Na kwamba wao wenyewe wameona jinsi kilebu anavyoinamisha kichwa na kufyata mkia bwana wake anapoikuta dhara, dalili iliyo bayana kwamba ajua amekosa. Hoja zote mbili ni dhaifu. Kuhusu ya kwanza, mbwa huunganisha tendo na matokeo yake pale tu vinapofuatana kwa ukaribu sana, kwa nukta chache. Nao ni msingi uliodhihirika tangu siku za Ivan Pavlov wa Urusi, mwanachuoni aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula, na ambaye mbwa wake walidondosha mate kwa ishara tupu kwa sababu ishara hiyo ilikuwa imetangulia chakula mara nyingi. Kilebu apigwaye saa tatu asubuhi kwa mkojo wa saa kumi usiku hana njia ya kuviunganisha viwili hivyo. Anachokiunganisha ni maumivu na mtu aliye mbele yake. Akipigwa katika tendo lenyewe, hujifunza kwamba kujisaidia mbele ya mwanadamu ni hatari, naye huanza kujificha nyuma ya kabati na chini ya vitanda, na akitolewa nje pamoja na bwana wake hujizuia mpaka arudi ndani apate faragha. Bakora imemfundisha kinyume cha kile tulichokitaka.

Kuhusu hoja ya pili, mwaka 2009 mwanachuoni Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, mjini New York, alitoa matokeo ya uchunguzi ambamo mbwa walikatazwa kipande cha chakula, kisha bwana zao wakaambiwa, wakati mwingine kwa uongo, kwamba agizo limevunjwa. Sura ile tuiitayo ya hatia haikutofautiana kati ya aliyekula na asiyekula. Ilizidi pale bwana alipokemea, na hata wale wasiokuwa na kosa lolote waliionyesha. Ina maana kwamba tunachokisoma usoni mwa kilebu kuwa ni toba, chatokana na ghadhabu yetu wenyewe, naye anaomba amani pasipo kujua vita vimeanzia wapi. Kumpiga kiumbe katika hali hiyo hakuna insafu, na katika Tanzania hata dola imeusema ukatili kwa wanyama kuwa ni kosa, kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Wako watakaonijibu kwamba mbwa wao ni wa ulinzi, na kwamba upole utamlegeza. Jibu lao limekwisha kutolewa na uchunguzi wa miaka mingi wa John Paul Scott na John Fuller, uliofanywa Bar Harbor katika jimbo la Maine, Marekani, na kuchapishwa kitabuni mwaka 1965: katika maisha ya kilebu, tangu wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili hivi, kuna mlango ambao kupitia kwake hujifunza ni viumbe gani wa kuwaamini, na mlango huo ukifungwa kabla hajazoeana na wanadamu, kuufungua tena ni kazi kubwa mno. Mbwa aliyefungwa mnyororo na kuchapwa katika majuma hayo hawi mlinzi, huwa mwoga. Naye mbwa mwoga huuma ovyo: humuuma mtoto wa nyumbani aliyejikwaa juu yake, fundi aliyeitwa kutengeneza bomba, na jirani aliyeleta chakula cha futari, kisha mwizi wa kweli akimtupia kipande cha nyama hunyamaza. Mlinzi wa haki ni yule ajuaye kupambanua mwenyeji na mgeni, asikiaye neno la bwana wake, na ayapendaye makazi yake kiasi cha kuyatetea. Mapenzi hayo huanza kwa yule mtu aliyemtoa nje alfajiri na kumsifu.

Aidha, jambo hili halikomei ndani ya kuta zetu. Minyoo ya mviringo humpata kilebu tangu tumboni mwa mama na katika maziwa yake, na kwa hiyo hupewa dawa tangu akiwa na wiki mbili, ikirudiwa kila baada ya wiki mbili kwa maagizo ya daktari wa mifugo. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi, na huhitaji wiki kadhaa mchangani kabla ya kuweza kumdhuru mtu. Yakiachwa yakomae, mtoto achezaye hapo huyala kwa vidole vyake, na mabuu yake huweza kufika hata machoni. Hapo faida ya kilebu mwenye mahali pamoja pa haja yaonekana wazi: kinyesi chake hujulikana kilipo, huokotwa kila siku na kufukiwa, na mchanga wa watoto husalimika. Hali kadhalika, hadi chanjo zake za utotoni zitimie, karibu na wiki ya kumi na sita, asiachwe kutembea majalalani na njiani wapitapo mbwa koko, kwa kuwa ugonjwa wa pavo huwaua vilebu kwa kuhara damu. Lakini na abebwe mikononi, aone watu, baiskeli, bodaboda na soko, ili ule mlango wa kuamini usifungwe.

Na juu ya yote iko chanjo ya kichaa cha mbwa, itolewayo kwa kawaida akitimiza miezi mitatu na kurudiwa baadaye kama daktari aelekezavyo. Takriban vifo vyote vya wanadamu kwa ugonjwa huo hutokana na mbwa, na kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, watu wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mataifa yamejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo hivyo, na kisiwa chetu cha Pemba, kwa kampeni za kuwachanja mbwa, kimekwisha kuonyesha kwamba ugonjwa huu waweza kukomeshwa. Lakini siku ya chanjo ifikapo mtaani, ni mbwa yupi apelekwaye? Ni yule ashikikaye. Aliyelelewa kwa bakora na mnyororo hakaribiwi hata na mwenyewe. Hubaki nyumbani bila ya kinga, na hatari yake hubaki kwa mtaa wote. Naye yeyote aliyeumwa asingoje: aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Limesalia jambo moja, nalo ndilo linaloharibu mafunzo mengi kuliko ujinga wote: kutoelewana kwa wenye nyumba. Baba hutoka alfajiri na kurudi usiku. Mama ana kazi zake. Watoto wako shule. Kilebu huachiwa msaidizi wa nyumbani, ambaye hakuulizwa kama ampenda au amwogopa, na mlinzi wa usiku, ambaye ana maoni yake. Huyu humtoa upande wa bustani, yule upande wa gereji. Huyu humsifu, yule humpiga teke. Mnyama aliyepewa sheria nne hufuata ya tano, iliyo yake. Basi kabla kilebu hajafika, watu wa nyumba na wakae pamoja, wakubaliane mahali, neno, saa za chakula na zamu za kumtoa. Karatasi ibandikwe mlangoni pa jikoni. Na msaidizi wa nyumbani asibebeshwe mzigo huo wote peke yake kama kwamba mbwa alinunuliwa naye. Mtoto wa miaka kumi anaweza kupewa zamu ya jioni, na hapo atajifunza uaminifu kuliko kwa waadhi mwingi.

Kazi hii ikifanywa kwa uaminifu, vilebu wengi hushika adabu ya usafi kati ya mwezi wa nne na wa sita wa umri, na wachache huchelewa zaidi, hasa wa maumbo madogo. Watarudi nyuma mara kwa mara: nyumba ikihamwa, wageni wakijaa siku za sikukuu, tumbo likiharibika. Dawa ya kurudi nyuma ni kuirudia ratiba ya mwanzo kwa siku chache, pasipo hasira. Na ikiwa aliyekwisha kufuzu ameanza ghafla kukojoa ovyo, apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kulaumiwa, kwa maana mara nyingi huwa ni maradhi ya njia ya mkojo.

Basi wewe msomaji uliyekusudia kuleta kilebu nyumbani kwako, usiulize kwanza bei yake wala nasaba yake. Uliza kama yuko mtu katika nyumba yako atakayeamka kabla ya jua kwa muda wa miezi minne ili kumtoa nje, kumngoja na kumsifu. Ukimpata mtu huyo, mlete kilebu, naye atakulipa kwa miaka kumi na zaidi ya uaminifu. Usipompata, mwache kwa mama yake.